Edvard Grieg: Koncheto moja, nyumba ya muziki na mtoto aliyeondoka mapema

Mgurumo wa ngoma unaanzia mbali, unapanda kwa muda wa pumzi moja, kisha piano inaporomoka kwa kishindo kutoka noti za juu hadi za chini kabisa. Wengi wetu tumeusikia mwanzo huo redioni, katika filamu au dukani, bila ya kujua jina la aliyeutunga. Ni mwanzo wa koncheto ya piano ya Edvard Grieg, mtunzi wa nchi ya Norway, aliyeiandika akiwa na umri wa miaka 25 katika majira ya joto ya mwaka 1868, huku mkewe akimlea mtoto wao wa kwanza aliyekuwa bado mchanga. Mtoto huyo hakufikisha miaka miwili, na baba yake hakuikamilisha tena koncheto nyingine katika maisha yake yote.

Koncheto ni utungo ambamo chombo kimoja husimama mbele ya okestra nzima, kikizungumza nayo, kikishindana nayo na mwishowe kikipatana nayo. Katika karne ya 19, zama ambazo wanahistoria wa muziki huziita za Kiromantiki, watunzi waliutanguliza moyo mbele ya kanuni, na piano ikawa ndicho chombo walichokiaminia siri zao. Lakini okestra haikuwa kitu cha kila siku. Kabla ya santuri na redio, mtu wa mji mdogo angeweza kumaliza mwaka mzima bila ya kuisikia. Kwa hiyo tungo kubwa zilichapishwa pia kwa namna ya kupigwa nyumbani: mmoja akashika sehemu ya piano, na mwingine, kwenye piano ya pili au pembeni mwake kwenye piano ile ile, akashika kazi ya okestra nzima. Baba na binti, mume na mke, ndugu na ndugu, waliketi jioni na kuzipiga tungo hizo kadiri ya uwezo wao. Grieg alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo.

Alizaliwa tarehe 15 Juni 1843 mjini Bergen, bandari ya mvua nyingi katika pwani ya magharibi ya Norway, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto watano. Ukoo wa baba yake ulitoka Uskoti; babu wa baba yake alihamia Bergen katika karne ya 18, na jina la Greig likageuka kuwa Grieg. Baba mtu, Alexander, alikuwa mfanyabiashara na tena balozi mdogo wa Uingereza mjini humo. Muziki ulitoka upande wa mama. Gesine Hagerup alikuwa mpiga piano na mwalimu wa piano aliyeheshimika kuliko wote mjini Bergen, na nyumbani kwake kulikuwa na jioni za muziki ambapo wageni walikusanyika kusikiliza Mozart na Weber. Mwanawe alianza kufundishwa akiwa na umri wa miaka sita. Mama hakuwa mpole katika jambo hilo. Akiwa jikoni angepaza sauti kumsahihisha mtoto aliyekosea noti sebuleni, na mtoto alipenda zaidi kuota ndoto juu ya vibao vya piano kuliko kurudia mazoezi aliyopewa.

Shuleni alikuwa mtoro wa aina yake. Kulikuwa na kawaida ya mwalimu kumrudisha nyumbani mwanafunzi aliyelowa sana, akabadilishe nguo. Basi Edvard, katika mji ambao mvua haikosi, akawa anasimama chini ya mfereji wa paa hadi nguo zichuruzike maji, kisha anaingia darasani na uso wa mtu aliyeonewa na hali ya hewa. Mbinu hiyo ilimfaa kwa muda, mpaka siku aliyofika amelowa chapachapa ilhali nje kulikuwa na manyunyu tu.

Mwaka 1858 familia ilitembelewa na Ole Bull, mpiga fidla aliyekuwa na sifa Ulaya na Marekani, ambaye pia alikuwa na ujamaa wa ndoa na ukoo wa mama. Alimsikiliza kijana, akazungumza na wazazi faraghani, na likaamuliwa papo hapo kwamba apelekwe katika chuo cha muziki cha Leipzig, Ujerumani. Alikuwa na miaka 15. Baadaye alikisema vibaya chuo hicho kwa maisha yake yote, pengine kupita kiasi, kwa maana huko ndiko alikojifunza ufundi. Huko pia alipata mwalimu aliyempenda, Ernst Ferdinand Wenzel, rafiki wa marehemu Robert Schumann. Na huko, katika ukumbi wa Gewandhaus, alimsikia Clara Schumann, mjane wa mtunzi huyo, akiipiga koncheto ya mumewe ya A ndogo. Anayezijua koncheto hizi mbili hahitaji kuelezwa kilichotokea moyoni mwa kijana yule. Ya Grieg nayo ni ya A ndogo, nayo inafunguliwa kwa pigo la ghafla na piano inayoteremka kwa nguvu. Si ajabu kwamba zilipokuja santuri za kuchezwa pande mbili, makampuni mengi yaliweka Schumann upande mmoja na Grieg upande wa pili.

Leipzig ilimwachia pia kovu. Mwaka 1860 aliugua mapafu vibaya, mama yake akasafiri kumchukua, na tangu hapo aliishi na pafu moja tu linalofanya kazi ipasavyo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kimo cha kama sentimita 152, na kila ngazi aliyopanda ilimkumbusha ugonjwa ule.

Alipomaliza masomo mwaka 1862 Norway ilikuwa nchi iliyounganishwa na Sweden chini ya mfalme mmoja, na maisha ya sanaa ya watu wake wengi yalielekea Copenhagen. Grieg naye alikwenda huko. Alimfahamu Niels Gade, mtunzi mkuu wa Denmark, na tena Rikard Nordraak, kijana Mnorway aliyetunga wimbo wa taifa la nchi yake na aliyemwambukiza hamu ya kutafuta sauti ya Norway yenyewe: nyimbo za wachungaji, fidla za Hardanger, ngoma za vijijini. Nordraak alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1866, akiwa na miaka 23.

Huko Copenhagen alikutana tena na Nina Hagerup, binti wa mjomba wake, aliyekuwa mwimbaji. Kwa watu wa mwambao ndoa ya binamu si jambo la kushangaza; kwa makabila mengi ya bara ni mwiko, na msomaji atalipima jambo hili kwa mila za kwao. Wazazi wa pande zote mbili hawakufurahi, lakini undugu haukuwa ndio sababu pekee. Mama wa Nina, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani, aliona kwamba binti yake anajitupa kwa kijana asiye na kazi, asiye na mali, na anayetunga muziki ambao hakuna mtu anayetaka kuusikiliza. Waliposimama kanisani tarehe 11 Juni 1867, wazazi wa bwana harusi hawakuwapo, wala wa bibi harusi.

Wawili hao walihamia Christiania, mji unaoitwa leo Oslo. Grieg alifundisha piano, akaongoza okestra ndogo isiyo na fedha, na kila jambo la muziki mjini lilimwangukia yeye. Tarehe 10 Aprili 1868 Nina alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Alexandra, jina lililobeba la babu yake. Majira ya joto yalipofika, mume, mke na mtoto walivuka kwenda Denmark, na Grieg akapata mahali pa kufanyia kazi Søllerød, kijiji kilichokuwa nje kidogo ya Copenhagen. Hapo ndipo koncheto ilipozaliwa. Alikuwa karibu na marafiki, akiwamo mpiga piano Edmund Neupert, ambaye angeipiga kwa mara ya kwanza.

Mtu anayeisikiliza koncheto hiyo nyumbani, bila ya kukimbilia jambo jingine, huhitaji kama nusu saa. Ina sehemu tatu. Ya kwanza, baada ya ule mporomoko, inatulia ghafla na kuingiza wimbo wa kawaida kabisa, wenye hatua fupifupi, kama mtu anayerudi nyumbani jioni. Karibu na mwisho wake okestra hunyamaza na piano hubaki peke yake kwa muda mrefu. Sehemu ya pili ni ya polepole. Vyombo vya nyuzi huanza vikiwa vimefunikwa sauti, na piano huchelewa kuingia, na ikiingia huingia kwa hadhari, kama anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Sitadai kwamba Grieg alikusudia picha hiyo. Hakuacha maelezo ya namna hiyo. Ninasema tu kwamba ukijua nani alikuwa amezaliwa mwaka ule wa 1868, ni vigumu kuisikia vinginevyo. Sehemu ya tatu ni ngoma ya Norway, ile ambayo kijana huicheza kwa kuruka na kupiga teke juu angani, na katikati yake filimbi inaleta wimbo mpana ambao mwishoni hurudi na okestra nzima.

Grieg hakuwapo siku utungo wake uliposikika hadharani kwa mara ya kwanza. Ilikuwa tarehe 3 Aprili 1869 mjini Copenhagen, na kazi ya kuongoza okestra ilikuwa imemfunga Christiania. Neupert alipiga, malkia wa Denmark alikuwa ukumbini, Gade alikuwa ukumbini, na Mrusi Anton Rubinstein, aliyehesabiwa miongoni mwa wapiga piano wakubwa wa dunia, alikuwako pia na alikuwa ametoa piano yake itumike. Watu walishangilia katikati ya muziki, kabla hata ya sehemu ya kwanza kwisha. Mtunzi alizipata habari hizo kwa barua, nyumbani, akiwa na mkewe na binti aliyekuwa karibu kutimiza mwaka mmoja.

Siku 48 baadaye Alexandra alikufa. Familia ilikuwa imekwenda Bergen kwa wazazi wa Edvard, na huko mtoto akapatwa na homa ya uti wa mgongo. Alifariki tarehe 21 Mei 1869, akiwa na miezi 13. Katika zama hizo maradhi hayo hayakuwa na dawa. Nina na Edvard hawakujaliwa mtoto mwingine aliyeishi.

Wanaoandika juu ya Grieg hupita hapa haraka, nao wana sababu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulizungumza sana. Alibaki Landås, shamba la familia nje ya Bergen, na majira hayo hayo alizama katika mkusanyo wa nyimbo za asili za Norway uliokusanywa na Ludvig Mathias Lindeman. Kutoka humo alitengeneza tungo 25 ndogo za piano, za kupigwa nyumbani, zisizohitaji fundi mkubwa. Mwezi wa Agosti koncheto ikapigwa Christiania. Maisha, kama isemwavyo, hayamngojei mwenye msiba.

Kwa msaada wa fedha za serikali, walisafiri hadi Roma, ambako mwaka uliofuata Franz Liszt alimpokea Edvard. Liszt alikuwa mzee wa wapiga piano wote. Grieg alimletea koncheto ikiwa bado ni mswada wa mkono, na Liszt akaketi na kuipiga palepale, bila ya kuwahi kuiona kabla, piano na okestra kwa pamoja, pamoja na ile sehemu ngumu ya piano peke yake. Alipofika karibu na mwisho, mahali ambapo noti moja inashushwa kwa nusu hatua na wimbo wote unabadilika rangi, Liszt alisimama, akaacha piano, akatembea chumbani ameinua mkono huku akiuimba wimbo kwa sauti kuu. Kisha akarudi kitini na kumaliza. Wakati wa kuagana alimhimiza kijana aendelee na njia yake na asikubali kutishwa na mtu. Haya tunayajua kwa sababu Grieg aliyaandika yote katika barua kwa wazazi wake, na kwa muda mrefu baadaye, saa za kukata tamaa zilipomjia, kumbukumbu ya siku hiyo ilimpa nguvu.

Koncheto ilichapishwa Leipzig mwaka 1872, lakini mtunzi wake hakuiacha. Kwa ushauri wa Liszt aliwapa wapiga tarumbeta wimbo wa pili wa sehemu ya kwanza. Miaka baadaye akaona amekosea, akaurudisha kwa selo. Alibadilisha hapa, akafuta pale, akaongeza pembe, akapunguza. Mchapishaji wake alimwomba koncheto ya pili, naye katika mwaka 1882 na 1883 alianza moja ya B ndogo, akaandika vipande, akaitupa. Mtu mwenye mzaha angesema kwamba aliitunga koncheto moja kwa miaka 39.

Miaka hiyo ya 1880 ndiyo iliyokuwa migumu zaidi ndani ya nyumba. Alikuwa ametunga muziki wa tamthilia ya Peer Gynt ya Henrik Ibsen, jina lake lilikuwa limeenea Ulaya, lakini ndoa ilikuwa imechoka. Mwaka 1883 alimwacha Nina na kwenda Ujerumani. Aliyewapatanisha ni Frants Beyer, wakili wa Bergen na rafiki wa chanda na pete, aliyemwandikia Edvard na kumsaidia Nina kumfuata. Walikutana, wakaenda pamoja Italia, na waliporudi wakajenga nyumba kando ya ziwa Nordås, nje ya Bergen, jirani na nyumba ya Beyer mwenyewe. Mchoraji wa ramani alikuwa binamu, Schak Bull. Walihamia mwaka 1885 na kuiita Troldhaugen, yaani kilima cha majitu ya hadithi za Norway.

Nyumba hiyo ya mbao ilipata tena kile kilichokuwa kwa Gesine: jioni za muziki. Nina aliimba, Edvard akapiga, au wote wawili wakaketi kwenye piano moja. Mwaka 1892 walipotimiza miaka 25 ya ndoa, marafiki wa Bergen waliwazawadia piano kubwa ya Steinway. Kwa sababu ya kimo chake Grieg aliketi juu ya kitabu kinene cha sonata za Beethoven, akiweza hivyo kuzifikia noti vizuri. Kwa kazi ya utunzi alijijengea kibanda kidogo kando ya maji, mbali na wageni na hata na jiko. Majira ya baridi alisafiri. Alipiga au kuongoza koncheto yake Leipzig, London na kwingineko, akiwa amebeba mfukoni chura mdogo wa kuchezea, aliyempapasa kabla ya kupanda jukwaani ili atulize moyo.

Hakuwa mtu wa kukaa kimya penye dhuluma. Mwaka 1899, Kapteni Alfred Dreyfus alipohukumiwa tena kwa uongo nchini Ufaransa, Grieg alikataa mwaliko wa kuongoza muziki Paris. Barua yake ilichapishwa magazetini, na matusi yakamfuata. Alipokwenda hatimaye mwaka 1903, sehemu ya ukumbi ilimzomea. Alingoja wanyamaze, kisha akaanza. Safari hiyo hiyo ya Paris alirekodi santuri kadhaa za tungo zake fupi za piano, na zipo hadi leo, zikiwa na mikwaruzo mingi na uhai mwingi.

Majira ya joto ya mwaka 1907 kijana kutoka Australia, Percy Grainger, alikaribishwa Troldhaugen. Walipitia koncheto pamoja, mzee na kijana, noti kwa noti, kwa kuwa walipanga kuipiga katika tamasha la Leeds, Uingereza, mwezi wa Oktoba: Grainger kwenye piano, Grieg mbele ya okestra. Wiki hizo mtunzi alikuwa bado anairekebisha. Kifua kilikuwa kimemlemea. Mwanzoni mwa Septemba alifunga mizigo na kushuka Bergen kuanza safari. Daktari akamzuia na kumpeleka hospitali, na huko akafariki tarehe 4 Septemba 1907, akiwa na miaka 64. Maelfu kwa maelfu ya watu walijaza mitaa ya Bergen siku ya mazishi. Majivu yake yaliwekwa ndani ya mwamba, juu ya ziwa, mahali alipopachagua mwenyewe.

Grainger alikwenda Leeds na kuipiga koncheto kama ilivyopangwa, chini ya mwongozaji mwingine. Miaka miwili baadaye Wilhelm Backhaus aliiingiza kwenye santuri, ikiwa imekatwa hadi dakika chache tu ili itoshe, na hiyo hutajwa kuwa ndiyo koncheto ya piano ya kwanza kuwahi kurekodiwa. Kuanzia hapo nyumba isiyo na piano wala mpigaji nayo iliweza kuisikia okestra sebuleni.

Nina aliishi miaka 28 baada ya mumewe, sehemu kubwa nchini Denmark. Aliiuza Troldhaugen mwaka 1919, lakini jamaa wa ukoo aliyeinunua akaikabidhi kwa umma, na tangu mwaka 1928 ni makumbusho. Nina alifariki Copenhagen mwezi wa Desemba 1935, akiwa na umri wa miaka 90, na majivu yake yakaletwa Norway na kuwekwa mwambani pamoja na ya Edvard. Ile Steinway ya mwaka 1892 ingali sebuleni mwao, na bado hupigwa.